Kabati Lililojinyoosha Lenyewe

Vijana wa karakana, siku mliponiaga mliniomba niandike habari za kazi, hasa za ile mashine ya kufundishia marubani iliyokuwa kwenye jengo lenu kabla halijawa karakana ya pampu. Wengi wenu mlikuta msingi wake wa saruji tu, na juu yake mmekuwa mkiweka madumu ya grisi. Nimekubali kuandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilichelewa, na vilipofika mikono yangu ilibaki ile ile. Mshahara mnaujua, maana na nyinyi mnaupata. Nitaandika nilivyoanza, nilichofundishwa nikakisahau, na habari za kijana mmoja aliyefukuzwa kwa jina la mwoga wakati kosa lilikuwa langu.

Nilianzia Geita, mgodini, mwanzoni mwa miaka ya sitini, nikiwa nimetoka sekondari na kalamu mfukoni. Niliwekwa kwenye kompresa. Fundi wangu aliitwa Yusufu, Msumbwa mfupi mwenye kikohozi, ambaye siku ya kwanza aliichomoa kalamu ile mfukoni mwangu akazibulia tundu la mafuta. Kazi yetu ilikuwa hewa: kuisukuma ishuke kwenye mabomba hadi kwa watu waliokuwa wakitoboa mwamba chini. Alinifundisha kukata ngozi ya ng'ombe ya kuzibia pampu, kuilainisha kwa mafuta, na kutafuta uvujaji kwa shavu badala ya sikio, kwa kuwa penye kelele za kompresa sikio halina kazi.

Bomba la kwanza nililotengeneza peke yangu lilikuwa limepasuka kwenye kiungo. Nilipomaliza nilikwenda kwake nikijifuta mikono kwa madaha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, fundi. Halivuji."

"Haya, shuka ukalipumue."

"Mimi?"

"Ulitaka nimshushe mama mkwe wangu?"

Nilishuka. Nilikaa mwisho wa bomba lile, gizani, pamoja na wachimbaji wawili walioniuliza kama wenye sekondari hupumua kwa Kiingereza. Nilikaa mpaka Fundi Yusufu alipoona inatosha. Hakuwa akiniadhibu. Ilikuwa desturi yake kwamba anayetengeneza bomba la hewa ndiye wa kwanza kuishi kwa hewa hiyo. Nilipotoka juu alisema, "Sasa unaweza kusema halivuji," kisha akarudi kwenye kikohozi chake.

Mgodi ulipofungwa nilirudi kwetu Shinyanga. Nje ya mji palikuwa na kituo kidogo cha mafunzo ya urubani. Jina lake mnalijua, sina haja ya kuliandika. Vijana walichujwa hapo kabla ya kupelekwa mbali kujifunza ndege za kivita. Walihitaji mtu anayejua pampu za hewa, nami nikadhani wana kompresa. Nilifunguliwa mlango wa jengo hili nikaonyeshwa kitu kama kabati la nguo lililolazwa chali, lenye vibawa vya mbao vilivyokatwa ncha, limekalia mivukuto ya ngozi.

"Hii ni nini?" niliuliza.

"Hiyo ni ndege," akajibu mlinzi. "Ila haina habari kwamba ni ndege."

Tangu hapo tuliliita Kabati. Mwanafunzi aliingia ndani, akafungiwa kifuniko, akabaki na saa za vipimo, pedeli mbili za miguu, na usukani wa mkono ambao sisi tuliuita fimbo. Pampu ilinyonya hewa kwenye mivukuto, nayo mivukuto ikalilaza Kabati ubavu, ikaliinua pua au kulizungusha, kwa kufuata mkono wa mwanafunzi. Lilikuja limetumika, kutoka nchi gani sikuambiwa, na ngozi zake zilikuwa na nyufa kama visigino vya mkulima.

Mkuu wa mafunzo alikuwa Afande Mkude, mtu wa Morogoro, mrefu, mpole, mwenye kupenda ndege kuliko maneno. Yeye ndiye aliyetaka Kabati lifundishe mapigano, maana kukaa ndani yake ukisoma saa tu, alisema, ni kazi ya karani. Tulikata kifuniko tukaweka dirisha. Nilitengeneza ndege ya adui kwa debe la mafuta ya kula, nikaitundika kwenye waya uliopita chini ya paa, nikawa naivuta kwa kamba huku na huko. Kwenye pua ya Kabati tulifunga tochi. Mwanafunzi alimkimbiza adui kwa kona kali, na mwanga ukimpata, amempiga. Vijana walilipenda zoezi hilo kupita kiasi. Wengine walimtukana adui kwa Kisukuma, na siku moja mmoja aliliita debe lile shemeji.

Hatari ya mapigano ya angani, alivyotueleza Afande, si risasi peke yake. Ukimkata mtu kona kwa pupa na kuvuta fimbo mno, mbawa zinaacha kubeba. Bawa moja linaanguka kabla ya jingine, na ndege inashuka huku ikizunguka kama pia ya watoto. Tukaliita jambo hilo pia. Kutoka kwenye pia kuna utaratibu: punguza moto wa injini, kanyaga pedeli ya upande wa pili, sukuma fimbo mbele, subiri mzunguko ukatike, kisha vuta taratibu. Mwili unakataa. Unaiona ardhi inakujia, na mkono wenyewe unataka kuvuta.

Zamani masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Afande aliyageuza. "Mtu anayeanguka hana nafasi ya kutafsiri," alisema. Tukakaa naye tukachagua maneno, na nilijivuna sana kushirikishwa. Fimbo, pedeli, pia, vuta, sukuma. Ya kuogopa tulidhani ni yale magumu. Neno lililokuja kutuumiza lilikuwa jepesi hata hatukulijadili.

Sasa niwaambie nilivyofanya kazi, kwa sababu ubaya ulikuwa hapo. Kabati liliweza kuigiza pia. Nilikuwa na vali ya kuiwasha, nalo lilizunguka vizuri, pua chini, mpaka mwanafunzi atoke kwa utaratibu wake. Lakini mzunguko mrefu ulizipasua ngozi. Vipuri havikuja. Nilikata viraka kwa ngozi ya ng'ombe kama alivyonifundisha Yusufu, na gundi nilinunua mjini kwa mzee Jivan, Mhindi aliyeuza kila kitu kuanzia misumari hadi manukato.

"Fundi, hii gundi ya viatu," aliniambia.

"Najua, mzee."

"Ndege yenu inavaa viatu?"

"Inavaa vilivyochakaa."

Akacheka, akanifungia chupa nyingine. Kila kiraka kilinichukua siku nzima ya kusubiri kikauke, na wanafunzi wakati huo walikaa bure. Basi nikajifunza ubahili. Nilimwacha mwanafunzi aingie kwenye pia, nikamwona amekanyaga pedeli sahihi na kuanza kusukuma fimbo, nikasema, "Acha." Maana yangu ilikuwa basi, zoezi limekwisha, umefaulu. Nikafunga vali. Yeye akaondoa mikono, akaikunja kifuani, na Kabati likashusha pumzi ndefu na kujinyoosha lenyewe, sawa kabisa, kama mtu aliyeamka usingizini. Ngozi zikapona. Kijana akatoka anatabasamu.

Afande alikuwa uwanjani na ndege muda mwingi, darasa la Kabati akaniachia mimi, fundi wa pampu ambaye sijawahi kupanda ndege. Angeweza kunipandisha, nami sikuomba. Naliandika hili bila kulizungusha: niliogopa urefu. Tena niliona fahari kuitwa mwalimu na vijana, nikaona si vizuri mwalimu akatapika mbele yao. Kwa hiyo miaka ile yote sikuijua pia yenyewe. Niliijua ya Kabati, ambayo ilikoma niliposema neno.

Shija alikuwa bora kuliko wote. Alikuwa mtoto wa mfugaji wa Kolandoto, mwembamba, aliyeendesha Kabati kwa vidole viwili, na ni yeye aliyeliita debe shemeji. Alikuwa na adabu ya nyumbani. Kila asubuhi alinisalimu shikamoo kabla sijaweka chini baiskeli. Nilipompa zoezi la pia aliingia na kutoka kama anayeingia jikoni kwa mama yake, nami nilimsemea "acha" mapema kuliko wengine, kwa kuwa sikuona sababu ya kumpotezea ngozi mtu anayejua.

Siku ile alikuwa peke yake angani, akifanya michezo aliyopangiwa, kupinduka na kona za kivita. Afande alikuwa chini kwenye redio, mimi nimesimama mlangoni mwa jengo hili nikikausha kiraka juani. Kileleni mwa mpinduko mmoja Shija alivuta mno. Bawa likaanguka, ndege ikaanza pia. Tulimwona akizunguka mara ya kwanza, na Afande aliona kwa jinsi pua ilivyokaa kwamba bado anavuta. Akasema redioni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Acha kuvuta. Acha kuvuta, Shija."

Redio yetu ilikuwa mbovu. Ilimeza mwisho wa maneno. Kilichomfikia kule juu kilikuwa neno moja, mara mbili.

Akaacha. Aliondoa mikono na miguu, akasubiri ndege ijinyooshe.

Aliposhtuka kwamba haijinyooshi alishika tena, akakanyaga, akasukuma, na mzunguko ukakatika. Lakini urefu ulikuwa umekwisha. Ndege ilianza kuinuka, ikagonga matuta ya majaruba, ikateleza kwenye tope la mpunga na kuvunjika mbawa. Tope ndilo lililomwokoa. Tulipomfikia alikuwa ameshikilia paja, mguu umegeuka upande usio wake, akamwambia Afande, "Uliniambia niache, afande. Nikaacha."

Walimpeleka hospitali ya misheni, Kolandoto, karibu na kwao. Wakati amelala huko, kikao kikaitishwa. Wakubwa wageni walikuja, wakauliza maswali ya haki. Redio ilijaribiwa chini, na siku hiyo kwa ukaidi wake ikasema maneno yote. Basi ikaonekana kijana aliambiwa wazi aache kuvuta, naye akaachia kila kitu. Mmoja wao akasema kwamba mtu anayekunja mikono ndege ikianguka ameshikwa na woga, na mwoga hafai kupelekwa kwenye ndege za kivita. Halafu akanigeukia.

"Fundi, mashine yako inafanya kama ndege?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba sijui. Jibu la kweli zaidi lilikuwa kwamba mikono ya Shija ilikunjwa na mimi, humu ndani, siku baada ya siku, kwa neno lile lile. Sidanganyi nikisema wakati huo lilikuwa limeanza kunijia. Lakini nilimwona Afande ananitazama, nikaona viraka vyangu, nikaona ualimu wangu.

"Inafanya kama ndege, afande," nikasema.

Shija akaondolewa. Sababu iliyosomwa mbele ya wenzake ilikuwa hofu.

Baada ya hapo sikulala vizuri, na mchana sikula vizuri. Nilimwendea Afande nikamwomba anipandishe, anionyeshe pia. Hakuuliza kwa nini. Alinifunga mikanda mwenyewe, akaniambia nikitaka kutapika nitapike upande wangu.

Pua ilipanda, sauti ya upepo ikapungua mpaka nikasikia mapigo yangu. Kisha bawa la kushoto likaondoka chini yetu kama ngazi iliyokosekana. Majaruba yote yakaanza kuzunguka kama mchele kwenye ungo. Nilibanwa ubavuni, kichwa changu kikawa kizito kama mfuko wa saruji. Kwenye Kabati fimbo siku zote ilirudi mkononi, kwa sababu niliiwekea springi. Hapa ilikuwa imelegea, kama kamba ambayo ng'ombe wake ameshatoroka.

"Sasa ondoa mikono," Afande akasema.

Nikaondoa. Ndege haikujali. Iliendelea kuzunguka, na ilizidi kukaza. Nilijua kwamba inaweza kuzunguka hivyo mpaka ardhini bila kutuchukia wala kutuhurumia. Afande akakanyaga, akasukuma, akangoja kile kipindi cha kungoja ambacho mimi nilikuwa nakikata kila mara kwa ajili ya ngozi. Mzunguko ukakatika. Nikatapika upande wangu.

Tulipotua nilimweleza yote, tumekaa chini ya bawa.

"Ni mimi, afande. Nilimzoeza kuachia."

"Uamuzi umeshapita," alisema. "Tukiufungua watauliza nani alimkabidhi fundi darasa la marubani."

"Ni wewe."

"Ndiyo. Ni mimi." Akachuma jani akalikatakata. "Tulitengeneze Kabati. Yasimpate mwingine."

Tukalitengeneza. Niliitoa springi. Neno "acha" tukalipiga marufuku jengo zima, hata wakati wa chai mtu alisema "simamisha" akimiminiwa maziwa, na wageni walituona vichaa. Kila zoezi likamalizwa na mkono wa mwanafunzi mwenyewe, ngozi ipasuke isipasuke, na fundi yeyote wa Kabati alipandishwa kwanza akaonyeshwa pia halisi, kama nilivyoshushwa mimi Geita. Waliofuata walikuwa imara. Tulisifiwa. Nilizipokea sifa hizo, na watu wawili tuliojua zilikotoka tukawa tunapishana uwanjani bila kutazamana. Baadaye Afande alihamishwa, na nikasikia amefariki kwa maradhi ya tumbo. Kituo kilifungwa, Kabati likauzwa kama chuma chakavu na kuni, na mimi nikabaki na jengo na pampu za maji, ndipo mliponikuta.

Miaka ya themanini watu walimiminika tena Geita kuchimba kwa mikono. Niliitwa Rwamgasa kutazama pampu ya kuvuta maji kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu. Nikiwa nimepiga magoti kwenye tope nilisikia vijana wakimtania mtu:

"Rubani, njoo ushuke wewe. Huku hakuna mawingu."

"Mwache Rubani, ataomba mwavuli."

Aliyekuwa akitaniwa alikuja akichechemea, akishika kamba ya winchi. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, fundi."

Ile shikamoo ilinichoma kuliko tusi. "Marahaba, Shija."

Nilimvuta pembeni, nikamwambia pale pale, kabla ya ujasiri kunitoroka. Nilimwambia habari za ngozi, za vali, za neno, na za jibu nililotoa kikaoni. Alisikiliza akiwa ameinamia kamba yake.

"Mimi nilijua nilichosikia," alisema mwishowe. "Halafu watu wakasema, nikaanza kujiambia nilisikia vibaya. Mtu anaweza kuogopa asijue."

"Hukuogopa. Ulifanya nilivyokuzoeza."

"Usiniambie mimi, fundi. Mimi nimeshazeeka nalo." Akaizungusha kamba mkononi. "Nilipooa, ng'ombe wa mahari walitoka kwa mjomba. Baba alisema ng'ombe wake hawatoki kwa ajili ya mtu aliyeachia. Hajanitukana hata siku moja. Ila hajanituma kitu tena. Nenda Kolandoto ukamwambie yeye. Na umwambie kwa Kisukuma, hiki Kiswahili cha kazini hakimfikii."

Niliporudi Shinyanga nilikwenda. Nilikwenda kwa baiskeli, na nilifika hata jasho halijakolea. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, akisuka kamba. Nilimsalimu kwa Kisukuma, mwadila, akaitika, akaniletea kigoda mwenyewe ingawa magoti yalimsumbua.

Nilikuwa sijawahi kuizungumzia kazi yangu kwa lugha ya mama yangu. Sikuwa na maneno ya vali, wala mivukuto, wala kikao. Yote niliyokuwa nimejifichia nyuma yake hayakuwa na majina huko. Nikabaki na maneno machache tu: kwamba mwanawe alikuwa hodari kuliko wote, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kuachia, kwamba wakubwa waliponiuliza nilisema uongo, kwamba mtoto hakuogopa.

Mzee aliweka kamba chini. Ng'ombe walikuwa wakirudi, naye aliwatazama mpaka wa mwisho alipoingia zizini. Kisha akanigeukia, bila ukali, kama mtu anayemuuliza mgeni njia aliyopitia.

"Sasa ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Alikuwa amesogea mbele kidogo asikie vizuri.

"Nilikuwa Shinyanga, baba," nikasema. "Hapo hapo Shinyanga."